Reli ya Sakania juu ya meza

Mtoto wa Mokambo hana haja ya kufundishwa kutengeneza motokari ya waya. Apewe waya, vizibo vinne na fimbo ndefu ya kuisukumia, na jioni hiyo hiyo gari lake litapita vumbini, honi ikilia mdomoni mwa dereva mwenyewe. Lakini gari hilo lina upungufu mmoja: halina nchi. Linapita kati ya miguu ya mbuzi na masufuria ya mama, wala hakuna aulizaye linatoka wapi. Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu, hasa wanafunzi na wazazi wao, kazi nyingine iliyo ngumu zaidi kidogo: kujenga nchi ndogo ya kupitishia gari la moshi la mfano, yenye tuta lake, stesheni yake, miti na vichuguu vyake, kila kitu kwa kipimo kimoja, hata mtu akiinama na kutazama kwa jicho moja aseme, "Hapa napajua."

Mchezo huu ulienea kutoka Ulaya. Mwaka 1891, katika maonyesho ya biashara ya Leipzig huko Ujerumani, kampuni ya Märklin ilionyesha magari ya moshi ya kuchezea yenye reli za vipimo vilivyopangwa, hata mtoto aliweza kupewa kipande kimoja mwaka huu na kingine mwaka ujao, na vyote vikashikana. Kwa muda mrefu watu walitazama magari tu, na nchi yake ilikuwa zulia la sebuleni. Baadaye wakatokea wengine waliosema kwamba gari bila nchi ni kama samaki asiye na maji. Mmoja wao alikuwa Roye England, kijana wa Australia aliyefika Uingereza mwaka 1925. Alizipenda nyumba za kale za vijijini zenye paa za majani, akahuzunika kuona jinsi zilivyobomolewa au kugeuzwa sura mwaka hata mwaka. Hakuwa na mali ya kuzinunua. Basi akaanza kuzipima na kuzijenga upya kwa kadibodi, kwa kipimo cha moja kwa 76, tofali kwa tofali na dirisha kwa dirisha. Mwaka 1954 kazi yake ikapata makao katika kijiji cha Long Wittenham, na jumba hilo liitwalo Pendon hutembelewa hata leo. Nyingi za nyumba zile hazionekani tena kama alivyozikuta, lakini mezani pake zimo.

Nasi huku Katanga tuna jambo la namna hiyo. Reli iliyotoka kusini ilifika Sakania mwaka 1909, ikaingia Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, mwaka ule ule mji ulipoanzishwa. Kutoka Sakania hata Lubumbashi ni kama kilomita 255, na Mokambo imo katika njia hiyo. Kwa njia hiyo yalipita makaa ya mawe ya Wankie, bila hayo tanuri la shaba lililowashwa Lubumbashi mwaka 1911 lisingepata chakula chake. Na kwa njia hiyo shaba yenyewe ikashuka kwenda baharini. Baadaye reli ikasonga mbele hata Bukama mwaka 1918, na hata Ilebo, iliyoitwa wakati huo Port-Francqui, mwaka 1928. Babu zetu wengi walikuja huku kwa ajili ya reli au kwa ajili ya migodi iliyolishwa na reli. Walipopewa nyumba, zilikuwa za matofali, zimepangwa mistari. Waliposhika saa, ilikuwa saa ya stesheni.

Sasa, jengo lisilotumika huko kwetu halikai muda mrefu. Leo linaondoka bati, kesho mlango, keshokutwa matofali, na mwaka wa tatu mahindi yanapandwa palipokuwa chumba cha mkuu wa stesheni. Na mzee ajuaye taa ilitundikwa wapi, au kengele iligongwa mara ngapi, naye hangoji. Ndiyo maana twasema kwamba meza ya mwanafunzi inaweza kuwa kitu zaidi ya mchezo. Atakayeijenga sawasawa atakuwa ameandika habari za mahali pake kwa namna ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa.

Kabla ya kukata kadibodi, tazama nchi. Hapa ndipo wengi wanapotea. Wameona picha za magari ya mfano ya Ulaya, yenye milima ya theluji, mahandaki na madaraja marefu juu ya mabonde, nao wakadhani kwamba reli bila handaki haina utamu. Lakini reli ya Sakania haina haja ya vitu hivyo, na sababu yake ni nzuri kuijua. Mpaka wetu na Zambia, kutoka upande wa Mokambo kwenda magharibi, umefuata mgongo wa nchi unaogawa maji. Mvua inyeshayo upande huu huteremka katika vijito vya Luapula na Lualaba, kisha mto Kongo, hata bahari ya Atlantiki. Mvua inyeshayo upande wa Mufulira huingia Kafue, kisha Zambezi, hata bahari ya Hindi. Nyumba mbili zinazotazamana mpakani zaweza kupeleka maji ya paa zake katika bahari mbili. Wahandisi waliotandika reli walipenda kukaa karibu na mgongo huo, kwa maana juu yake mito bado ni michanga, na madaraja makubwa hayatakiwi. Basi, nchi yako ya mezani iwe karibu tambarare, yenye kuinuka na kushuka kidogo kidogo, na hapa na pale bonde pana la majani lenye unyevu, ambalo tuta hulivuka juu ya kalvati moja tu. Handaki libaki Ulaya.

Jambo la pili ni kipimo, na hapa wanafunzi wa hesabu washike kalamu. Reli yetu ina upana wa milimita 1,067 kati ya chuma na chuma. Reli za kuchezea zinazouzwa kwa wingi duniani zina upana wa milimita 16 na nusu. Gawanya 1,067 kwa 64, utapata milimita 16 na theluthi mbili, yaani karibu sawa kabisa. Mafundi wa Afrika Kusini na New Zealand, ambao reli zao zina upana kama wetu, waliiona bahati hiyo, na wengi wao hujenga kwa kipimo cha moja kwa 64. Sisi pia tushike hicho. Meta moja ya kweli inakuwa milimita 15 na kidogo zaidi ya nusu. Mtu mzima anakuwa milimita 27, mlango wa meta 2 unakuwa milimita 31, behewa la meta 12 linakuwa sentimita 19, na nguzo ya simu ya meta 7 inakuwa sentimita 11. Usifanye hesabu hizo kila mara. Chukua ukanda wa kadibodi, pima milimita 156, andika hapo "meta 10", kisha gawa nafasi hiyo katika sehemu kumi. Hiyo ndiyo rula yako. Rula ya shule iweke kando.

Kipimo hiki chatufundisha pia unyenyekevu. Njia nzima ya Sakania hata Lubumbashi, kwa moja kwa 64, ingehitaji meza ya karibu kilomita 4. Ubao wa meta 2 na sentimita 40 ni meta 153 tu za nchi ya kweli. Gari lenye mabehewa kumi laweza kuumaliza. Basi chagua: jengo la stesheni na sehemu ya jukwaa, au banda la mizigo na barabara inayokata reli, au kalvati na bonde lake. Kitu kimoja kilichokamilika kinashinda stesheni tatu zilizobanwa kama dagaa. Wale ambao nyumbani kwao hujenga pango la Noeli wanajua nusu ya kazi hii tayari, maana pango nalo ni nchi ndogo ya karatasi, moshi wa taa na majani, tangu Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipowaonyesha watu wa Greccio horini mwa Bethlehemu mwaka 1223. Ila katika pango hatushangai kuona kondoo aliye mkubwa kuliko mlango wa mji. Juu ya meza ya reli kondoo huyo hasameheki.

Chagua pia mwaka na mwezi. Ukijenga miaka ya kwanza, kichwa cha gari ni cha mvuke, na lazima kuwe na tangi la maji juu ya nguzo na rundo la makaa ya mawe. Ukijenga wakati wa leo, kichwa ni cha dizeli, na karibu na reli kuna malori marefu yanayongoja mpakani. Usichanganye. Na mwezi una maana kubwa zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa nchi yetu hubadilika rangi kabisa. Mwezi wa Februari kila kitu ni kibichi, na majani yamefika begani. Mwezi wa Julai majani ni ya manjano, na mahali palipopita moto ni peusi. Mwezi wa Septemba, kabla ya tone moja la mvua, miti ya miombo hutoa majani mapya mekundu kama shaba. Mimi ningechagua Septemba. Mgeni hatasadiki, atadhani rangi zimekosewa, mwenyeji atatabasamu.

Haya, tuanze ardhi. Tengeneza fremu ya mbao nyepesi, kisha suka juu yake vipande vya kadibodi vyenye upana wa vidole viwili, kama mkeka uliolegea. Mahali pa tuta weka ubao imara, kwa maana reli haitaki kutikisika. Chana magazeti ya zamani (hata hili, ukiisha kulisoma), yachovye katika uji mwepesi wa unga wa muhogo, utandaze tabaka tatu au nne juu ya mkeka ule. Liache likauke siku mbili. Ukipata gundi nyeupe ya seremala ni bora kuliko uji, kwa sababu panya na mende hawaipendi sana.

Udongo wa juu usitie rangi ya dukani. Tunao udongo mwekundu tele. Uanike juani, utwange, uupitishe katika soksi ya nailoni, kisha uukaange kidogo juu ya moto ili mayai ya wadudu yafe. Paka gundi juu ya karatasi, nyunyiza udongo, na baada ya kukauka kung'uta uliozidi. Lakini kuna siri moja. Udongo wa kweli, ukiwekwa mezani, huonekana mweusi mno. Sababu ni kwamba tunapotazama nchi ya kweli tunaitazama kwa mbali, na hewa yenye vumbi iliyo katikati hupunguza nguvu ya rangi zote. Basi changanya udongo wako na majivu meupe kidogo hadi uonekane kama unaotazamwa kutoka upande wa pili wa barabara. Kanuni hiyo hiyo inafaa kwa majani, kuta na paa.

Mataruma yakatwe katika mbao nyembamba za maboksi ya matunda, urefu wa milimita 33 hivi, yapakwe maji ya majivu na moshi hadi yawe na rangi ya kijivu. Kokoto iliyo kubwa kama yai dogo, yenye sentimita 5, inakuwa chini ya milimita moja; maana yake ni mchanga uliochekechwa, si changarawe. Umwage kati ya mataruma kwa kijiko, uusawazishe kwa manyoya ya kuku. Kuugandisha ndiko kunakowashinda wengi, kwa kuwa ukimwaga gundi mchanga huruka na kufanya mashimo. Kwanza lowesha mchanga kwa maji yaliyotiwa tone la sabuni, ukinyunyiza kama umande. Kisha changanya sehemu moja ya gundi na mbili za maji, tia tone jingine la sabuni, na udondoshe polepole. Sabuni hufanya maji yapenye badala ya kusimama juu kama lulu. Asubuhi mchanga utakuwa mgumu kama jiwe.

Asiye na pesa za reli ya dukani asikate tamaa. Waya wa chuma uliofuliwa hadi ukawa bapa kidogo, ukigandishwa juu ya mataruma, utabeba mabehewa yanayosukumwa kwa mkono. Hapa twasema wazi neno moja kwa vijana: waya utoke katika matairi mabovu na masanduku ya zamani. Waya wa simu, wa umeme au wa reli yenyewe usiguswe hata ukiukuta chini.

Sasa vichuguu. Mtu akijenga nchi ya Katanga bila vichuguu, amejenga nchi nyingine. Vichuguu vyetu vikubwa hupita meta 5 kwenda juu, na upana wake hupita meta 10. Kwa kipimo chetu ni karibu sentimita 8 kwa 16 au zaidi. Si vichuguu vyembamba vilivyosimama kama vidole. Ni vilima vyenye tumbo pana, na juu yake huota miti na vichaka vizito kuliko miti ya kando. Tumia udongo wa kichuguu chenyewe, maana hauna mawe na hushikana vizuri. Ndiyo sababu watu wetu huuchimba kwa matofali. Kwa hiyo mmoja katika vichuguu vyako ukate ubavu, uache alama za jembe, weka kando yake safu za matofali mabichi yanayokauka, na tanuri dogo lililopakwa udongo, lenye midomo miwili ya moto. Nani ambaye hajaona jambo hilo njiani?

Kwa miti, elimu ya motokari ya waya inarudi. Sokota nyuzi ishirini za waya mwembamba pamoja ziwe shina, kisha ukifika juu zigawe mara mbili, na tena mara mbili, hadi matawi yaishe. Paka gundi iliyochanganywa na majivu, iwe ganda. Mti wa miombo haukui kama mwembe. Matawi yake hupanda kama vidole vya mkono uliofunguliwa, na majani hukaa juu kabisa, bapa, kama mwavuli. Mti wa meta 15 unakuwa sentimita 23, na wengi huogopa kuuweka mkubwa hivyo, wasiogope. Majani yatoke katika dodoki kavu lililochanwa vipande vyembamba, kuchovywa katika gundi na kunyunyizwa unga wa mbao uliotiwa rangi. Mwembe, ambao karibu kila stesheni inao, ni duara zito la kijani cheusi, na chini yake ardhi ni tupu, iliyofagiliwa, kwa sababu watu hukaa hapo. Majani makavu ya chini ya miombo ni makapi ya chai yaliyokaushwa. Hakuna kitu duniani kinachofanana nayo zaidi.

Tumefika kwenye majengo, na hapa nataka tukae kidogo. Msidharau karatasi. Mkongo mwenzetu Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki mwaka 2015, alijenga miji mizima kwa kadibodi, karatasi na plastiki, akiwa Kinshasa. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris, na mwaka 2018 jumba kubwa la sanaa za kisasa la New York likamfanyia maonyesho makubwa. Yeye alijenga miji ya ndoto, yenye rangi ambazo hakuna seremala aliyewahi kuzipaka, na ndivyo alivyotaka. Kazi yetu ni kinyume chake: kutii kile kilichopo. Lakini mkasi ni ule ule, na subira ni ile ile.

Kwanza nenda ukalipime jengo la kweli. Omba ruhusa kwa mkuu wa stesheni, maana mahali pa reli na mpaka hapapigwi picha wala kupimwa ovyo, na usitembee juu ya reli ukitazama paa. Ukipata ruhusa, huhitaji ngazi. Pima kwa rula safu kumi za matofali karibu na ardhi, pamoja na udongo wa katikati. Tuseme ni sentimita 80. Kisha hesabu safu zote hadi paani. Zikiwa 40, ukuta ni meta 3 na sentimita 20, na mezani ni milimita 50. Kwa hesabu hiyo utapata kimo cha dirisha, cha mlango na cha baraza bila kupanda popote. Andika pia mambo yasiyo na namba: bomba la moshi liko upande gani, kioo kipi kimezibwa kwa bati, mlango gani haufunguliwi tena. Kama jengo limekwisha kuanguka, hesabu msingi, kisha mtafute mzee. Usimwulize, "Lilikuwaje?" kwa maana atakujibu, "Lilikuwa zuri." Mwulize, "Mzee, mtu akitaka kununua tiketi alisimama wapi? Na mvua ikinyesha?" Hapo mikono yake itaanza kuonyesha dirisha, baraza na benchi, nawe chora.

Kata kuta zote zikiwa bado bapa, toboa milango na madirisha, chora safu za matofali kwa kalamu ya wino iliyokwisha, ukibonyeza bila kupasua. Ndipo upake rangi, na mwisho kabisa ndipo ugandishe pembe. Anayejenga kwanza na kutoboa baadaye atapinda kila kitu. Fremu za madirisha ni njiti za kiberiti zilizopasuliwa, na kioo ni plastiki safi ya kufungia biskuti.

Paa la mabati linatisha watu bure. Mawimbi ya bati la kawaida yako mbali milimita 76, nayo kwa kipimo chetu yanakuwa milimita moja na kidogo, sawa na meno ya chanuo dogo la karibu. Chukua karatasi ya chuma laini, kama ile ya bomba la dawa ya meno iliyofunguliwa na kuoshwa, iweke juu ya chanuo, na ukwaruze kwa kijiti kati ya jino na jino. Ukate shiti za milimita 40, uanze kupanga kutoka chini kwenda juu, shiti ya juu ikilala juu ya ile ya chini, kama fundi wa kweli afanyavyo ili mvua isiingie. Ukipanga kinyume, kila baba wa familia atakayetazama atajua nyumba yako inavuja.

Kisha lichakaze jengo lako, na hapo ndipo utakapoonekana kama una macho. Kutu haianzi katikati ya bati. Huanza kwenye misumari na mahali shiti zinapolaliana, ikateremka mistari kwa mistari. Moshi huacha weusi juu ya mlango wa jiko. Na kuta nyeupe za Katanga zote zina mkanda mwekundu chini, hata kufika magotini, kwa sababu mvua kubwa hupiga udongo na kuurusha ukutani. Chovya brashi katika vumbi jekundu kavu, ipige polepole chini ya kuta zote, hata za jengo jipya. Fanya hivyo pia kwenye magurudumu ya mabehewa na mashina ya miembe. Mkanda huo mwekundu ndio unaoshikanisha majengo na ardhi. Bila huo yataonekana kama masanduku yaliyosahauliwa mezani.

Watu wawe wachache, nao wafanye jambo. Mtu wa milimita 27 hutengenezwa kwa waya na udongo, au huchongwa katika mti laini. Usiwapange kama askari. Mama mmoja aketi karibu na magunia ya makaa, ambayo sisi huku twayaita makala, na magunia yawe yamefumwa kwa majani juu, kwa sababu hujazwa kupita mdomo wake. Baiskeli iegemee mwembe. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni atazame upande gari linakotoka. Mtazamo wa watu hao ndio utakaomfanya mtazamaji naye ageuze kichwa.

Nyuma ya meza simamisha kadibodi ndefu, ipakwe rangi ya anga. Septemba anga letu si la buluu safi. Karibu na ardhi ni la kijivu cha moshi wa mbuga, na juu tu ndipo buluu inapoonekana. Chora miti ya mbali kwa rangi iliyopauka, na mdogo mdogo. Wanaojenga upande wa Lubumbashi watataka kuweka bomba refu la tanuri la shaba na mlima mweusi wa takataka zake. Wafanye hivyo, lakini kwa kuchora tu, na chini kuliko wanavyopenda. Kitu kikubwa kikichorwa kidogo na kwa rangi hafifu, jicho litasema kiko mbali. Kikichorwa kikubwa, jicho litasema ni picha.

Darasa likiifanya kazi hii kwa pamoja, ni vizuri kila kundi lipewe ubao wake wa meta moja na sentimita 20, na wapatane kwanza juu ya jambo moja tu: reli iingie na kutoka katikati ya ubao, kwa kimo kile kile. Hapo mbao zote zitaunganishwa ukumbini siku ya maonyesho, Sakania upande mmoja, Mokambo hapa katikati, Lubumbashi upande mwingine, na katikati vituo ambavyo kila mtoto ana shangazi au mjomba anayekaa huko.

Siku isiyo ya maonyesho, funika kila ubao kwa kitambaa safi kilichoinuliwa juu ya vijiti, kisiguse miti. Kiangazi chetu kina vumbi jingi, na vumbi la kweli halijui kipimo: chembe iliyo ndogo hata huioni juu ya shati lako, ikitua juu ya paa la stesheni hiyo ni kokoto.